Huyu ni mgonjwa wa nani?

SWALI: Shikamoo Sista. Nina mwaka wa pili kazini, wodi ya upasuaji ya wanawake. Zamu ya mchana tuko watatu kwa wagonjwa 30. Tunagawana kazi: mmoja dawa, mmoja vipimo vya mapigo, presha na joto, mmoja vidonda. Sasa inchaji, yaani mkuu wa wodi, anataka tugawane wagonjwa badala ya kazi. Wenzangu wanasema tutachelewa. Unasemaje?
J., Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Inchaji wenu yuko sahihi.

Nilipokuwa na umri kama wako, usiku mmoja zamu ya dawa ilikuwa yangu. Kitanda cha 14 alilala mama aliyejifungua kwa upasuaji mchana ule. Nilipomchoma sindano ya saa nne akaniomba maji, nikamwambia avumilie. Mwenzangu wa vipimo aliandika mapigo ya moyo 118 kwa dakika. Aliyemwaga mifuko ya mkojo aliona wa mama yule una kidogo tu, rangi ya chai. Kila mmoja akaenda kitanda kinachofuata, kumbe zote zilikuwa dalili za jambo moja: mama yule alikuwa anavuja damu tumboni. Aliyetuita ni mgonjwa wa kitanda cha jirani: "Masista, huyu mwenzangu mikono imekuwa ya baridi." Akarudishwa thieta, akapona. Asubuhi msimamizi akauliza, "Alikuwa mgonjwa wa nani?" Tukanyamaza. Chati zote zilikuwa zimejazwa.

Kugawana kazi kulishamiri Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, wauguzi walipopungua hospitalini. Mwaka 1969, hukohuko Marekani, jimbo la Minnesota, muuguzi Marie Manthey na wenzake wakaanza utaratibu wa muuguzi mmoja kumbeba mgonjwa tangu anapolazwa hadi anaporuhusiwa. Kwa watatu mlio na wagonjwa 30, huo siwashauri. Gawaneni vitanda kila zamu, kumi kumi, lakini msihesabu vichwa tu. Waliotoka thieta leo wasirundikwe kwa mtu mmoja. Mwenye wagonjwa wazito apewe wachache. Wahudumu na wanafunzi wamsaidie muuguzi wa vitanda hivyo, wampe taarifa yeye. Insulini, potasiamu na damu bado ziangaliwe na watu wawili kabla mgonjwa hajapewa, hapo msilegeze.

Na tafadhali, msikabidhiane zamu mezani. Nendeni kitandani. Funueni shuka muone bandeji, someni dripu imebaki kiasi gani, tazameni mfuko wa mkojo, kisha mwambie mama, "Mimi ndiye muuguzi wako mpaka jioni." Atajua amwite nani, nawe utaona uso wake wa saa mbili na wa saa sita, utajua umebadilika.

Wenzako hawasemi uongo, wiki za kwanza mtachelewa. Mara nyingi kinachochelewesha ni trei moja ya dawa na funguo moja ya kabati, watu watatu mnasubiriana. Ombeni trei nyingine mbili kabla hamjaanza.

Jambo moja linaniuma: mpangilio mzuri hauzai wauguzi. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, uliofanyika hospitali za jimbo la Pennsylvania, Marekani, ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezeka kwa muuguzi huendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Kwa hiyo inchaji aendelee kuandika barua za kuomba watu, na kila barua aambatanishe orodha ya zamu ikionyesha nani alibeba vitanda vingapi.