Kitoweo ni nyama peke yake?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkenya, nimehamia Mwanza kikazi. Juzi mwenyeji wangu aliniambia, "Leo mboga ni sato," nikawa nasubiri majani, hayakuja; kumbe sato ni samaki. Nikamuuliza jirani kwa nini hakusema kitoweo. Akajibu kuwa kitoweo ni nyama tu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenyeji wako hakukosea. Jirani ndiye aliyelibana neno.

Kitoweo kimetokana na kitenzi kutowea, yaani kula ugali, wali au ndizi pamoja na kitu cha kuteremshia tonge. Kile ki- cha mbele na -o ya mwisho hutupa kitu cha kufanyia tendo: kizibo cha kuzibia, kifuniko cha kufunikia. Kwa hiyo neno linataja kazi, si aina ya chakula. Nyama choma uliyoila yenyewe kwa chumvi haijawa kitoweo, ila mtindi uliolia ugali ni kitoweo kamili. Maharage kando ya wali ni kitoweo. Yachanganye na mahindi upike makande, na hapo kitoweo hakipo tena. Chai nayo ina neno lake: kiliwacho nayo ni kitafunio, kutoka kutafuna. Utaratibu huu wa lugha yetu kukitaja chakula kwa nafasi yake katika mlo naupenda sana.

Hata hivyo, jirani hakubuni. Watu wengi huenda buchani "kununua kitoweo", na habari za ujangili husema swala ameuawa "kwa ajili ya kitoweo". Matumizi hayo yapo na siyafuti. Ninachokataa ni kuunyima mchicha jina hilo.

Sasa mboga. Tanzania Bara neno hili limeichukua kazi yote ya kitoweo: nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maziwa pia, na familia yenye uwezo huitwa ya mboga saba. Ndiyo maana majani hutajwa waziwazi: mboga za majani, au kwa majina yake, matembele, kisamvu. Kwenu mboga ni sukuma wiki, kabeji au terere, basi.

Ninapohariri vipeperushi vya afya vinavyosema "kula mboga kwa wingi", huongeza "za majani" kila mara. Bila maneno hayo mawili, msomaji wa Mwanza anaweza kujiongezea nyama akiamini ametii ushauri.