Ngozi kavu ya mtoto wa miezi minne, na bado hajageuka

Dada uliyeuliza kuhusu mwanao wa miezi minne, mashavu yanakwaruza, miguu inatoka magamba, na jirani anakusema eti mtoto "amechelewa" kwa kuwa hajageuka: nakujibu kwa niliyoyapitia na wangu wawili, wote wamekulia hapahapa Mikindani, pwani ya Mtwara.

Nianze na ngozi. Kichanga kubabuka wiki za mwanzo ni kawaida, kunaisha kwenyewe. Lakini mtoto wa miezi minne, ukavu wake mara nyingi unaanzia kwenye beseni. Kwetu mtoto anaogeshwa asubuhi na jioni, maji ya moto, sabuni ya mche, dodoki juu, na bibi haridhiki mpaka mtoto ang'ae. Sabuni ile inaondoa mafuta ya asili yanayozuia unyevu usitoke ngozini, na ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi ndiyo balaa zaidi, maana povu halitoki, unaongeza sabuni, na nyingine inabaki mwilini. Ukichanganya na upepo wa kusi wa Juni na Julai, basi. Ndugu zangu wa Newala kule juu kwenye baridi wanalijua hili kuliko sisi wa pwani.

Kwangu tulipunguza kuogesha, mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika chache tu. Sabuni isiyo na manukato, nayo shingoni, makwapani na makalioni tu, kwingine maji yanatosha. Halafu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe: mkaushe kwa kanga kuukuu kwa kumgusagusa, usimsugue, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu mpake mafuta palepale. Ukingoja akauke kabisa, umefungia ukavu ndani. Mchana rudia mafuta bila kumwogesha.

Mafuta gani? Ya mgando yale ya kawaida, yasiyo na harufu, yanatosha na bei yake haiumi. Mama mkwe alitaka ya nazi, nikakubali, mradi yawe masafi na hayajachacha. Zeituni watu wanaisifu sana, lakini kwa ngozi ya mtoto mdogo inaweza kudhoofisha ule ukuta wa juu, mimi siitumii.

Usikubali kuuziwa dukani zile tyubu zilizochanganywa dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho). Mtoto atatakata haraka, ukiacha inarudi, na ukiendelea ngozi inazidi kuwa nyembamba. Ikiwa ni pumu ya ngozi (mashavu mekundu, mikunjo inawasha, mtoto anajisugua usoni na hapati usingizi), daktari anaweza kumwandikia steroidi nyepesi ya siku chache, hiyo ni habari nyingine. Na usichanganye na harara. Harara ni vipele vidogovidogo vya jasho shingoni na mgongoni. Huyo anataka hewa, mafuta mazito yanamzidishia.

Jambo la huku kwetu tu: kama nyumbani mnabangua korosho, mafuta ya lile ganda yanaunguza ngozi. Wifi yangu akitoka kubangua, hata awe amejipaka majivu mikononi, hambebi mtoto mpaka anawe kwa sabuni na kubadili kanga. Mtoto akimlilia, alie kidogo.

Sasa kugeuka. Miezi minne bado mapema, wengi wanageuka kati ya minne na sita. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatoka 2006: kukaa bila kushikwa, watoto wazima wa afya walianza popote kati ya miezi minne na tisa hivi, kutembea wenyewe, kati ya minane na kumi na saba na ushei. Wachache hawakutambaa kabisa, wakasimama tu. Kwa hiyo mtoto wa jirani kukaa mapema hakumfanyi wako mgonjwa.

Ila nakuuliza: unamlaza wapi mchana? Wengi tukiona ngozi kavu na upepo, tunamvisha sweta, soksi na kofia, kisha tunambeba mgongoni kutwa. Atageukia wapi? Ukishampaka mafuta, mtandikie mkeka, mlaze kifudifudi akiwa macho na wewe ukiwa karibu, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Usiku alale chali.

Kinachohitaji hospitali bila kungoja ni magamba yanayotoa maji au usaha, ukoko wa njano, au ngozi mbaya pamoja na homa. Upande wa makuzi, kwa umri huu: shingo haikazi kabisa, hafuati uso wako kwa macho, hatabasamu, mwili umekakamaa au umelegea mno, au alichokuwa anakiweza amekiacha.

Chanjo za wiki ya 14 zikishapita, wengi tunapotea kliniki mpaka ile ya surua ya miezi 9. Wewe nenda mwezi huu na kadi yake, apimwe uzito, umvue nguo zote nesi aione ngozi vizuri. Beba na hiyo sabuni unayomwogeshea.