Maswali Yenu: Siasa za Marekani Zinaamuliwa Wapi Hasa?

Maswali ya siasa za Marekani yamekuwa mengi kwelikweli safari hii, nimechukua machache, na yale yaliyofanana nimeyaunganisha. Twende.

Mwalimu shikamoo. Mi bado sielewi, 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump karibu kura milioni 3 halafu akashindwa. Hiyo ni demokrasia ya wapi? Kwetu hata uenyekiti wa kijiji mwenye kura nyingi ndo anachukua. — Msomaji, Mbeya

Marahaba. Shida ni kwamba Wamarekani hawapigi kura moja ya nchi nzima. Wanapiga kura 51, yaani majimbo 50 pamoja na mji wa Washington, na kila jimbo lina wajumbe wake wa uchaguzi, jumla yao 538, anayefikisha 270 anaingia Ikulu. Karibu kila jimbo ukishinda hata kwa kura moja unabeba wajumbe wote, ni Maine na Nebraska tu ndo wanaweza kuwagawa. Kwa hiyo Clinton alipata kura kibao California, kura ambazo hazikumuongezea hata mjumbe mmoja kwa sababu California alikuwa ameshaishinda, wakati Trump alipata majimbo ya Michigan, Pennsylvania na Wisconsin kwa tofauti ya kura kama elfu 78 ukijumlisha yote matatu. Basi, mchezo ukaishia hapo. Na mwaka 2000 ilikuwa hivyo hivyo, Al Gore alikuwa na kura nyingi nchi nzima lakini Florida akapitwa kwa kura 537 na Mahakama ya Juu ya Marekani ikasimamisha kuhesabu upya.

Mimi naona si haki na sifichi. Wyoming ina watu hawafiki hata laki sita na wana wajumbe 3, California ina watu kama milioni 39 na wajumbe 54, piga hesabu mwenyewe uone kura ya nani ina uzito. Lakini ubaya mkubwa kwangu ni huu, kampeni zote zinahamia majimbo machache yenye ushindani, 2024 yalikuwa saba tu, wale wengine wote wanaangalia kwenye tv kama sisi.

Mbona vyama ni viwili tu siku zote? Na hivi mtu anapataje kadi ya chama kule? — Msomaji, Dodoma

Vyama vingine vipo ila mfumo unavimeza. Mwaka 1992 tajiri mmoja wa Texas, Ross Perot, aligombea bila chama akapata karibu asilimia 19 ya kura zote, hiyo ni karibu kura moja kwenye kila tano jamani, na wajumbe wa uchaguzi alipata sifuri kwa sababu hakuongoza jimbo hata moja. Mpiga kura akishaona hivyo anasema mi sipotezi kura yangu, anarudi kwenye vile viwili.

Kadi ya chama hakuna. Ndo kitu kinachowashangaza watu wa huku. Kwenye majimbo mengi unapojiandikisha kupiga kura unachagua tu kwenye fomu kwamba wewe ni Democratic au Republican au huna chama, ada hakuna, vikao hakuna, na majimbo mengine hata hilo hawakuulizi. Halafu linganisha na kura za maoni za CCM, ambapo mtu anaweza kuongoza huku chini halafu jina lake likakatwa juu. Kule mwenyekiti wa chama hana kalamu ya kukata jina, aliyeshinda kura za mchujo, zile ambazo wapiga kura wenyewe wanachagua mgombea wa chama, ndo anasimama hata kama wakubwa wote wa chama hawamtaki. Trump 2016 wakubwa wengi wa Republican hawakumtaka. Joe Crowley alikuwa kati ya viongozi wa juu wa Democratic bungeni na mwaka 2018 aliangushwa kule New York na Alexandria Ocasio-Cortez, dada wa miaka 28 aliyekuwa anafanya kazi ya baa, na dada mwenyewe hakufikisha hata kura elfu 20.

Hapo ndo nataka mkae mkitafakari. Wilaya nyingi za ubunge Marekani zimeshachorwa mipaka kiasi kwamba chama kinajulikana kabla ya uchaguzi, na wanaochora mara nyingi ni wanasiasa wenyewe, mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikasema mahakama za shirikisho haziwezi kuingilia uchoraji unaopendelea chama. Sasa kama chama kinajulikana, uchaguzi wa Novemba ni wa kukamilisha tu, mbunge alishapatikana kwenye mchujo ambao watu wachache sana hujitokeza. Kwa hiyo mbunge anamwogopa nani? Hamwogopi mwananchi wa kawaida, anawaogopa wale wachache wanaotokea kwenye mchujo na yule mwenye pesa ya kumletea mpinzani. Ukishalielewa hilo mengine yote yanafunguka.

Habari yako mwalimu. Mimi nauza mitumba Gikomba, nilisikia jamaa akisema kwa redio ati ni kikundi cha wafanyabiashara wa Marekani kilifanya serikali zetu ziogope kupiga marufuku mitumba. Ni ukweli ama ni porojo? Na hawa watu wa lobi, si hiyo ni hongo tu? — Mama wa mitumba, Nairobi

Ni ukweli mama, na nashukuru umeuliza kwa sababu kisa hiki kinafundisha kuliko vitabu vingi.

Machi 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba taratibu ndani ya miaka mitatu ili viwanda vya nguo vya hapa vipate pumzi. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na nusu. Kule Marekani kuna chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu na matambara kinaitwa SMART, wala si kikundi kikubwa, mimi nakwambia ukimuuliza Mmarekani mia barabarani labda hakuna hata mmoja anayekijua. Machi 2017 hao jamaa wakapeleka malalamiko kwenye ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani, wakasema ajira elfu 40 za Wamarekani ziko hatarini, na wakashika penyewe hasa, kwamba sheria ya AGOA iliyokuwa inaruhusu bidhaa zetu nyingi kuingia kwao bila ushuru ilikuwa na sharti kuwa nchi inayofaidika isiweke vizuizi kwa biashara ya Marekani. Ofisi ikafungua uchunguzi na kikao cha kusikiliza pande zote kikafanyika Washington mwaka huo huo.

Kenya ilikuwa ya kwanza kurudi nyuma, na unaelewa kwa nini, vile viwanda vya Athi River vinavyoshona jeans za kupeleka Marekani vilikuwa vinategemea AGOA. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikakataa, na mwishoni mwa Julai 2018 Trump akaisimamishia msamaha wa ushuru kwenye nguo.

Sasa angalia, hakuna mgombea hata mmoja wa Marekani aliyesimama jukwaani akasema nichagueni nitatetea mitumba. Mpiga kura wa kule hakujua. Gazeti la kule liliandika kidogo sana. Kikundi kidogo chenye maslahi ya karibu, kinachojua mlango gani wa kugonga na kifungu gani cha sheria cha kushika, kimepindisha sera ya nchi zenye watu zaidi ya milioni 150 ambao hakuna mmoja mwenye kura Marekani. Najua wewe mama bidhaa yako iliokoka na watoto wakaenda shule, siwezi kukuambia ulie. Ila fundi cherehani wa mtaani kwako na mkulima wa pamba wa kule Kanda ya Ziwa hawakuwa na mtu kwenye kile chumba na hilo linaniuma.

Kuhusu hongo. Kisheria ni vitu viwili. Ukimpa seneta pesa akufanyie jambo hiyo ni jela, Seneta Bob Menendez wa New Jersey alikutwa na vipande vya dhahabu nyumbani, mahakama ikamtia hatiani 2024 na akafungwa miaka 11. Lobi ni haki ya kikatiba ya kupeleka kilio chako serikalini, mfanya lobi anajiandikisha, anatangaza mteja wake na malipo, na hesabu hizo zipo wazi, kwa serikali ya shirikisho peke yake zinapita dola bilioni 4 kwa mwaka. Ila pembeni ya lobi kuna pesa za kampeni. Mtu mmoja kumchangia mgombea moja kwa moja ana kikomo, 2024 kilikuwa dola 3,300 kwa kila uchaguzi, lakini tangu maamuzi ya mahakama ya mwaka 2010 unaweza kuanzisha kamati ya pembeni, wanaiita super PAC, ukatumia unavyotaka mradi msipange mambo pamoja na mgombea. Elon Musk 2024 alitumia zaidi ya dola milioni 250. Hiyo siyo hongo kisheria, lakini usiniambie mwanasiasa anaisahau namba ya simu ya mtu huyo.

Kazini kwangu kuna Mmarekani anaangalia tv ya Fox, inayoegemea Republican, na mwingine MSNBC, inayoegemea Democratic, ukiwasikiliza utadhani kila mmoja anaishi nchi yake. Imekuwaje? — Msomaji, Minneapolis

Zamani kulikuwa na stesheni tatu kubwa, ABC, CBS na NBC, na ili uuze matangazo ilibidi kila mtu akuangalie, kwa hiyo hukutaka kuudhi upande wowote. Pia kulikuwa na kanuni ya serikali tangu 1949 kwamba redio na tv za hewani zikigusa jambo lenye ubishi zionyeshe pande tofauti. Mwaka 1987 kanuni hiyo ikafutwa, mwaka uliofuata Rush Limbaugh akaingia redio za nchi nzima na kipindi cha upande mmoja saa nzima nzima, na watu wakaona kumbe hasira inalipa. Tv za kebo hata hiyo kanuni haikuwa inazigusa. Fox News na MSNBC (mwaka 2025 ilibadilishwa jina ikawa MS NOW) zote zilianza 1996, na biashara yao ni tofauti na ya zamani, hawahitaji nchi nzima, wanahitaji watu milioni mbili tatu wasiobadilisha chaneli.

Na mtazamaji naye ana nguvu kuliko tunavyofikiri. Baada ya uchaguzi wa 2020 Fox waliruhusu madai hewani kwamba mashine za kampuni ya Dominion ziliiba kura, wakashtakiwa, na meseji zao za ndani zikaonyesha baadhi ya watangazaji wenyewe hawakuamini, ila waliogopa watazamaji kuhamia kwingine. Aprili 2023 wakalipa dola milioni 787 na nusu kumaliza kesi.

Lakini mimi kinachonisikitisha zaidi ni magazeti madogo. Tangu 2005 zaidi ya theluthi moja ya magazeti ya Marekani yamekufa, mengi ya wilayani, yale yaliyokuwa yanakaa kwenye kikao cha halmashauri na kuuliza tenda imekwenda kwa nani. Likifa gazeti la mji, yule mwenye shughuli ndogo ya kimyakimya kama wale wa nguo kuukuu anabaki chumbani peke yake. Na sisi limetugusa, Machi 2025 amri ya Ikulu ilinyamazisha Sauti ya Amerika, na Idhaa ya Kiswahili ambayo wazee wetu wameisikiliza miaka na miaka ikakatika ghafla, watangazaji wakaambiwa wakae nyumbani.

Zohran Mamdani kazaliwa hapa kwetu Kampala mwaka 1991 na sasa ni meya wa New York. Kama pesa ndo kila kitu yeye kapitaje? Na anaweza kuwa rais? — Msomaji, Kampala

Rais hawezi, katiba inataka aliyezaliwa raia. Umeya alipita kupitia ule ule mlango niliosema, mchujo, huu ukiwa wa Democratic. Juni 2025 alikutana na Andrew Cuomo, aliyekuwa gavana, ambaye kamati ya pembeni iliyomuunga mkono ilimwaga zaidi ya dola milioni 20. Mamdani alikuwa na vijana wanaogonga milango na video fupi za simu zinazoongelea kodi ya nyumba na nauli ya basi tu, hatoki hapo. Tena New York ina sheria nzuri sana ambayo natamani ingekuwa sehemu nyingi, mkazi akikuchangia kidogo, hadi dola 250, mji unaongeza mara nane. Wapiga kura pia waliruhusiwa kupanga wagombea kwa namba, kwanza pili tatu, kwa hiyo wagombea wengine waliweza kushirikiana naye badala ya kuchinjana. Novemba akashinda tena, kwa kura zaidi ya milioni moja.

Ila tusidanganyane kwamba pesa haina nguvu. Mwaka mmoja nyuma, wilaya ya jirani tu hapo, Mbunge Jamaal Bowman aliangushwa kwenye mchujo baada ya kamati inayohusiana na AIPAC, kundi linaloitetea Israel, kutumia zaidi ya dola milioni 14. Pesa inauma zaidi pale ambapo watu hawaangalii. New York ile Juni watu walikuwa wanaangalia.

Ndugu mhariri, tuko Columbus, Ohio, mume wangu keshapata uraia, mimi bado nina green card. Tunaweza kupiga kura? — Mama Bukavu

Mume wako ndiyo, wewe bado, na hapa naomba unisikilize vizuri sana dada. Yeye ajiandikishe angalau siku 30 kabla ya uchaguzi na asisubiri Novemba, mchujo wa Ohio huwa Machi kwenye mwaka wa urais na Mei miaka mingine, siku hiyo anaomba tu karatasi ya chama anachotaka na anakwenda na kitambulisho chenye picha. Aulize pia kuhusu bodi ya shule ya watoto wenu, huko kura chache zinatosha kabisa.

Wewe ukienda kuchukua leseni ya udereva huenda wakakuuliza kama unataka kuandikishwa kupiga kura, na wakiuliza si kwamba wanakutega. Sema hapana. Mtu wa green card akijiandikisha au akipiga kura uchaguzi wa shirikisho anaweza kufukuzwa nchini hata kama hakuelewa fomu. Kama ulishatiki kile kiboksi bila kujua, usijaze kwanza fomu ya uraia, mwone wakili wa uhamiaji wiki hii hii.