Rangi ya kijani kwenye upasuaji wa puru: inaonesha nini?

SWALI: Assalaam alaykum. Baba yangu ana miaka 61, ana saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) na atapasuliwa Dar es Salaam. Daktari amesema watamdunga rangi ya kijani ili kupunguza hatari ya mshono wa utumbo kuvuja. Baba akila kamba huvimba midomo, nasi tunaogopa rangi hiyo itamdhuru. Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mpe pole mzee.

Saratani ikishatolewa, ncha ya utumbo mpana huteremshwa na kuungwa na puru iliyobaki, aghalabu kwa stepla. Lakini kabla ya hapo mpasuaji huwa ameshafunga mshipa mkubwa uliokuwa ukiulisha utumbo upande ule, ili tezi za limfu, ambamo saratani huweza kuenea, zitoke pamoja nao. Ncha iliyobaki huishi kwa mshipa mwembamba unaotambaa ukingoni mwa utumbo. Damu isipofika vizuri, mshono haushiki na kinyesi huvujia ndani.

Rangi yenyewe ni indosayanini, madaktari huiita ICG. Chupa ina unga wa mg 25, nao huyeyushwa kwa ml 10 za maji ya sindano. Ukiyeyushwa kwa maji ya chumvi hugandamana. Kwa kawaida mgonjwa hupewa ml 2 hadi 4 mshipani, kisha kamera ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) huelekezwa kwenye utumbo. Ndani ya dakika moja hivi, utumbo uliokuwa kiza kwenye skrini huanza kuwaka, mishipa kwanza, kisha ukuta wenyewe. Upana wa vidole viwili vya mwisho ukibaki kiza, mpasuaji husogeza mkato mpaka panapowaka, hata kama kwa macho pale palionekana pazima.

Kosa kubwa ni kuchelewa kuangalia. Rangi husambaa polepole hadi penye damu haba, na baada ya dakika chache kila mahali panawaka. Presha ikiwa chini, rangi pia huchelewa kufika.

Inasaidia kiasi gani? Utafiti wa Japani uliochapishwa 2023 ulikuta mshono umevuja kwa asilimia 7.6 ya waliotumiwa ICG, dhidi ya 11.8 ya wasiotumiwa. Wa Marekani wa 2021 haukuona tofauti ya maana: 9.0 kwa 9.6. Sisi tunaona inafaa kutumika, ila mshono huvuja pia kwa kuvutwa sana, kwa kuwa chini mno karibu na njia ya haja kubwa, kwa tiba ya mionzi kabla ya upasuaji, sigara na lishe duni, na hayo rangi haiyaoni. Ndiyo maana daktari anaweza kumwekea mzee mfuko wa kukingia choo, nje ya tumbo, kwa muda. Msiukatae.

Kuhusu kamba: mzio wake unatokana na protini ya kamba, si madini joto (ayodini) kama wengi wanavyodhani. ICG ina madini joto, kwa hiyo swali la kumuuliza mzee ni kama aliwahi kudhurika kwa dawa yenye madini joto au kwa ICG yenyewe. Vyovyote iwavyo, mtajieni daktari wa usingizi mizio yote. Rangi hutolewa na ini kupitia nyongo, kwa hiyo mkojo hautageuka kijani.

Kama anavuta sigara, aache leo. Na akiruhusiwa, msikimbilie boti ya Pemba: mshono unaweza kuvuja hata siku kadhaa baada ya kutoka wodini. Akipata homa, moyo kwenda mbio, tumbo kuuma zaidi au kujaa, arudishwe hospitali siku ileile.