Wasomaji Wanauliza: LinkedIn Itanipatia Nafasi ya Udaktari?

Swali: Mhariri, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nasubiri matokeo hapa Majengo, Moshi. Binamu yangu anayesoma uhasibu anasema bila profaili ya LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, siku hizi hupati kitu. Mimi nataka MD, shahada ya udaktari. Nifungue, au ni kumaliza bando bure?

Jibu: Marahaba. Binamu yako yuko sahihi kwa upande wake, maana waajiri wa fani yake huwatafuta watu humo. Udahili wa udaktari haupiti njia hiyo. Vyuo vya hapa nchini, hata cha KCMC kilicho jirani yako, hupokea maombi kwenye mifumo yao na kutazama ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa kufuata mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kufikisha sifa za chini kunakupa ruhusa ya kuomba tu. Kinachoamua ni ushindani, na profaili yako haiulizwi. Uingereza nako fomu ya UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi ya vyuo, inakuruhusu vyuo 4 vya udaktari, mwisho 15 Oktoba, na vingi vinataka pia UCAT, mtihani wa kujiunga na udaktari. Kwa hiyo bando la kwanza lipakue mwongozo wa TCU.

Likibaki, fungua. Umri unaoruhusiwa ni kuanzia miaka 16. Itakufaa zaidi kama daftari la kumbukumbu, kwa sababu baada ya miaka miwili hutakumbuka ulijitolea wapi wala lini, na fomu za ufadhili huuliza hayo. Usiandike "nilihudumia wagonjwa zahanati". Andika: "Kupanga mafaili ya wagonjwa wa nje, Jumamosi saa 3 hadi saa 6, wiki 8, jumla saa 24." Anayejua kazi ya zahanati ataamini ya pili, ya kwanza itamfanya ajiulize nani alikuruhusu. Mstari wa juu, wenye nafasi ya herufi 220, uwe mfupi: "Mhitimu wa kidato cha sita, PCB, Moshi." Neno "Dokta mtarajiwa" liache. MD ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini, kisha usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kujipa cheo mapema kunachekesha wenye nacho.

Kinachoharibu kabisa ni picha za wodini. Hata ukificha sura, kitanda, tarehe na jina la hospitali vinatosha ndugu wa mgonjwa kumtambua. Usipige, usipandishe.

Faida nyingine ni kuuliza. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, si maprofesa, na uliza jambo moja linalojibika: "Habari dada, mwaka wa kwanza ulitumia vitabu gani vya anatomia, na ulivipata maktaba?" Ukiandika "naomba unisaidie nipate chuo" utasubiri sana.

Swali: Mwanangu ametafutwa humo humo na wakala: udaktari nje ya nchi, Fizikia si lazima, tutume dola 500 za kushika nafasi. Tufanyeje? Mama wa Sakina, Arusha.

Jibu: Mama, pesa isitoke kwanza. Mwombe wakala jina kamili la chuo, kisha waulize TCU wenyewe kama kinatambulika. Andikieni ofisi ya udahili ya chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake, si ile aliyowatumia wakala, mkiuliza kama wanamfahamu na ada inalipwa akaunti gani. Ikiwa akaunti ni ya mtu binafsi, acheni hapo hapo. Hiyo "Fizikia si lazima" nayo msiipokee kwa furaha: akirudi na shahada, itapimwa hapa kabla hajasajiliwa, na pengo la kidato cha sita linaweza kumrudia wakati ada ya miaka yote imeshalipwa.