Jibu: ni "rejoice for" au "rejoice at"?

Mkuu umeuliza kama ni sawa kuandika "we rejoice for the rain", hapana, hapo weka "at", yaani "we rejoice at the rain", na "in" inakubalika pia ila hiyo utaisikia zaidi kanisani. Kinachotuponza ni Kiswahili chetu, sisi tunasema tumefurahia mvua, ile -ia ya mwishoni ishamaliza kazi yote, sasa Kiingereza hakina hiyo, lazima ulete kaneno ka pembeni. Mimi nafundisha tuisheni huku Nkuhungu, Dodoma, mvua za Desemba zikianza kupiga bati watoto wanashangilia mpaka somo linasimama, basi hapohapo naandika ubaoni, "we are happy about the rain". Kwa maongezi ya kawaida hii ndo naipenda, maana "rejoice" ni zito, ukilisema pale soko la Majengo unanunua zabibu mtu atadhani unahubiri. Na kwa kitu unachokifurahia siku zote, tumia "delight in", mbele yake weka jina au kitenzi chenye -ing, "she delights in cooking", usiandike "delights in cook" jamani, hiyo naisahihisha kila wiki.