Maswali Yenu Kuhusu Vitabu: Kitabu Gani, na kwa Nani?

Barua tulizochagua safari hii zinatoka kwa wasomaji ambao kila mmoja anatafuta kitabu kwa ajili ya mtu mwingine. Tumezifupisha kidogo, ila maswali yamebaki kama yalivyoulizwa.

Bwana Yesu asifiwe. Ninatunza maktaba ndogo ya usharika wetu hapa Dodoma. Mzee mmoja wa kanisa ameagiza riwaya zote ziondolewe kwenye rafu, kwa kuwa hadithi za kubuni ni uongo, na uongo hauna mahali katika nyumba ya Mungu. Anataka vibaki vitabu vya mafundisho na vya ushuhuda peke yake. Ninamheshimu sana na sipendi mabishano, lakini vijana wetu huazima riwaya kuliko kitu kingine chochote. Nimjibu nini?

Amina, ndugu. Mzee wenu anastahili kusikilizwa, kwa sababu anachokilinda ni ukweli, na Mkristo asiyejali ukweli hana cha kumfundisha mwenzake. Hata hivyo, uongo ni neno linalosemwa kwa kusudi la kumfanya mtu asadiki jambo lisilokuwapo, ilhali mtunzi wa riwaya hamdanganyi msomaji wake, maana tangu ukurasa wa kwanza wote wawili wanajua kwamba kinachosimuliwa kimetungwa.

Mwombe mzee, kwa upole, mfungue pamoja sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Nabii Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi, ambaye alikuwa amemtwaa mke wa Uria na kupanga kifo cha mumewe, hakuanza kwa kumsomea amri za Mungu, bali alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Tajiri yule hakuwahi kuishi. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe, na ndipo alipoambiwa kwamba mtu aliyemhukumu ni yeye. Ninaamini Nathani alichagua njia hiyo kwa kuwa mwenye kosa huwa amekwisha kujiandalia majibu ya kila karipio, lakini hadithi humfikia kabla hajajikinga. Katika Waamuzi sura ya 9, Yothamu naye aliwaonya watu wa Shekemu kwa kisa cha miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Nadhani sina haja ya kutaja mifano ya Bwana wetu mwenyewe. Hakuna mhubiri anayesumbuka kuuliza yule Msamaria mwema alikuwa mwenyeji wa kijiji gani.

Hoja ya mzee wenu ina umri mkubwa. John Bunyan, mhubiri wa mji wa Bedford nchini Uingereza, alifungwa tangu 1660 hadi 1672 kwa sababu alikataa kuacha kuhubiri bila idhini ya Kanisa la nchi. Alipokuwa na maandishi ya kitabu ambacho sisi tunakijua kama *Safari ya Msafiri*, aliwaonyesha watu, na katika shairi lake la utangulizi anaeleza kwamba baadhi yao walimwambia akichapishe na wengine wakamkataza, wale wa kwanza wakiona kitafaa na hawa wa pili wakiona hakitafaa. Alikichapisha mwaka 1678, na wamisionari walikipeleka katika lugha nyingi za Afrika. Kila mtu na kila mahali katika kitabu hicho kimebuniwa, kuanzia Mkristo mwenye mzigo mgongoni hadi mji anaouendea. Ikiwa kimo katika maktaba yenu, mwulize mzee kama nacho kiondolewe. Nina hakika atasita, na hapo mazungumzo yenu yatakuwa yameanza vizuri.

Upande mmoja, lakini, mzee ana haki, na hapo nakusihi usimpinge. Zipo riwaya ambazo wasomaji huzichukua kama mafundisho. Mfano ninaokutana nao mara nyingi ni mfululizo wa *Left Behind* wa Tim LaHaye na Jerry Jenkins, ulioanza kutoka mwaka 1995, ambao unasimulia waumini wakinyakuliwa ghafla na waliobaki wakipitia miaka ya dhiki. Masimulizi yake yanavuta sana. Tatizo ni kwamba yamejengwa juu ya namna moja tu ya kuusoma Ufunuo, iliyoenezwa katika karne ya 19 na watu kama John Nelson Darby, na ambayo Walutheri, Waanglikana na Wakatoliki kwa kawaida hawaifundishi. Kijana asiyeambiwa hayo atatoka pale akidhani amesoma Biblia iliyofafanuliwa. Kwa hiyo ningependa usome kila riwaya kabla ya kuiweka kwenye rafu, kisha ubandike ndani ya jalada karatasi ndogo yenye maneno yako mwenyewe: kwamba hii ni riwaya, inahusu nini, inamfaa msomaji wa umri gani, na mahali gani msomaji amwulize mchungaji. Mwombe mzee naye asome baadhi na kuandika karatasi zake. Akishiriki katika kuchagua, hatakuwa tena na sababu ya kuamuru vitabu viondolewe.

Rafiki yangu wa karibu amefiwa na mumewe wiki tatu zilizopita. Ninataka kumpelekea kitabu cha Kikristo cha kumfariji, naye anasoma Kiingereza vizuri. Unapendekeza kipi? (Msomaji, Mwanza)

Dada, pole kwa msiba. Kwa sasa sipendekezi kitabu chochote. Wiki tatu baada ya mazishi ndipo wageni wanapopungua na nyumba kuanza kuwa kimya, na anachohitaji ni wewe uende ukae naye, upike, uwapeleke watoto shule kama anao. Kitabu kinacholetwa mapema mno humwambia mfiwa kwamba aliyekileta ana haraka ya kumwona amepona.

Miezi ikipita, na akianza mwenyewe kuuliza maswali, mpe *A Grief Observed* cha C. S. Lewis. Mwandishi huyu alifiwa na mkewe, Joy, mwaka 1960 kwa ugonjwa wa saratani, akaandika katika madaftari yale aliyokuwa akiyapitia, na mwaka uliofuata yakachapishwa kwa jina la kubuni, N. W. Clerk. Husimuliwa kwamba baadhi ya marafiki, wasijue aliyekiandika, walimpendekezea yeye mwenyewe akisome. Ni kitabu chembamba, lakini mwambie wazi kabla hajakifungua kwamba kurasa za mwanzo ni chungu: Lewis anasema alipomwendea Mungu katika dhiki yake alihisi amefungiwa mlango usoni, na komeo likapigwa kutoka ndani. Asiyeonywa anaweza kukifunga hapo na asifike kule mbele ambako mwandishi anaanza kupumua tena. Ikiwa unaona maneno hayo yatamwumiza zaidi, msome pamoja Zaburi ya 88, ambayo nayo humalizika gizani, na ambayo Mungu aliiruhusu ikae ndani ya Maandiko bila kuongezewa mstari wa faraja.

Nakusihi jambo moja kwa moyo wangu wote: usimpelekee kitabu chochote kinachofundisha kwamba mwenye imani ya kutosha hafiwi. Vitabu vya namna hiyo vinauzwa kwa wingi nje ya mikutano ya maombi, na mjane akikisoma atajiona ndiye aliyemwua mumewe kwa kukosa imani.

Binti yangu wa miaka 14 ameazimwa shuleni riwaya ya Francine Rivers iitwayo *Redeeming Love*. Mwalimu aliyempa amesema ni ya Kikristo. Nimwache aisome? (Mama, Nakuru)

Mama, mwalimu amesema kweli, ila neno la Kikristo halielezi kitabu kinamfaa nani. Riwaya hiyo inasimulia upya habari za nabii Hosea na mkewe, ikiwa imewekwa California wakati wa msako wa dhahabu katika miaka ya 1850, na mhusika wake mkuu ni mwanamke aliyeuzwa katika ukahaba akiwa bado mtoto. Inasimulia ukatili huo bila kuuficha, pamoja na mambo ya chumbani. Ningemwomba asubiri miaka kadhaa, na ningemweleza sababu badala ya kumnyang'anya, kwa kuwa binti wa umri wake akinyang'anywa kitabu atakitafuta kwingine. Kwa sasa mtafutie *The Lion, the Witch and the Wardrobe* cha huyo huyo Lewis, cha mwaka 1950, na mkisome wote wawili.

Ninaongoza kikundi cha vijana hapa Bukoba. Wamechoka na vitabu ambavyo kila mtakatifu ni Mzungu. Je, kuna vitabu vya imani vya Waafrika? Pia tuna nakala moja tu ya kila kitabu. Tunaruhusiwa kutoa fotokopi? (Kiongozi wa vijana)

Vipo, na baadhi ni vya zamani kuliko makanisa ya Ulaya wanayoyajua. Perpetua, mama kijana aliyekuwa akinyonyesha, aliuawa Karthago, katika Tunisia ya leo, mwaka 203, na sehemu ya habari zake aliiandika mwenyewe akiwa gerezani. Augustino, aliyeandika *Maungamo*, alizaliwa mwaka 354 Thagaste, katika Algeria ya leo.

Karibu zaidi nanyi kuna *I Love Idi Amin* cha Festo Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na aliyelelewa kiroho katika uamsho ule ule uliotoka Gahini, Rwanda, ukafika hadi Bukoba. Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, alipouawa chini ya utawala wa Amin tarehe 16 Februari 1977, Kivengere na mkewe walikimbia kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda, na mwaka huo huo akatoa kitabu hicho kifupi. Jina lake huwaudhi wengi, na nadhani ndiyo sababu linafaa kwa vijana: Kivengere anasema kwamba Kristo aliwaombea msamaha waliomsulubisha, hivyo yeye hana ruhusa ya kumchukia Amin. Wacheni wabishane juu ya hilo jioni nzima. Wanaopenda Kiswahili wasome pia *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kinachosimulia watumwa waliokombolewa na kuishi Frere Town, Mombasa. Waambie mapema kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi, wakisome wakijua hivyo.

Kuhusu fotokopi, hapana, isipokuwa kitabu ambacho haki zake zimekwisha kwa umri, na hata hapo tafsiri mpya huwa na haki zake. Wachapishaji wa vitabu vya Kikristo vya Kiswahili hutoa nakala chache na huishi kwa kuziuza; tukizirudufu, toleo lijalo halitakuwapo. Nakala moja inatosha ikiwa mtasomeana kwa sauti, mkipokezana sura kwa sura. Anzeni na Kivengere. Augustino aje baadaye, na msimlazimishe kijana kumaliza vitabu (yaani sehemu) vyote 13 vya *Maungamo*: tisa vya kwanza ndivyo vinavyosimulia maisha yake hadi kifo cha mama yake, Monika, huko Ostia, na vinavyofuata vinazungumzia kumbukumbu, wakati na uumbaji, jambo ambalo huwashinda hata watu wazima wasipokuwa na mwalimu karibu.